Mimea ya ndani kwa nyumba zetu za Kampala: ununue upi kwanza, upi uuache pale barabarani

Pita barabara ya Entebbe asubuhi baada ya mvua, pale wauza miche walipojipanga kando ya lami, uone kama kuna mmea usiovutia. Vumbi limeoshwa, majani yanametameta, muuzaji ameipanga kwa kimo kama wanafunzi kwenye picha ya shule, nawe una shilingi 30,000 mfukoni. Hapo ndipo wengi tunakosea. Tunapenda sura, tunalipa, tunafika nyumbani na kuuweka mmea juu ya kabati la televisheni. Miezi miwili haiishi, tumebaki na poti yenye kijiti.

Nimeishi nyumba tatu za kupanga hapa Kampala na nimeua mimea mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Siku hizi, kabla sijatoa pesa, huuliza tabia: mmea huu unaweka wapi maji yake? Unafanya nini ukikosa jua? Ukisahauliwa wiki tatu utakasirika kiasi gani? Orodha hii nimeipanga kwa majibu ya maswali hayo, nikimfikiria mtu mwenye sebule moja, dirisha moja au mawili yenye nondo, baraza jembamba, na kazi inayomtoa nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kumrudisha saa mbili usiku.

Kwanza, jua la kwetu

Mashauri mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wanakwambia kaktasi ikae dirisha la kusini. Kwao ni sawa, maana jua lao liko upande wa kusini mwaka mzima. Sisi Ikweta inapita Kayabwe hapo, njia ya Masaka. Jua letu linahama: kuanzia mwishoni mwa Machi linaegemea kaskazini, na likishavuka utosini mwezi wa Septemba linaegemea kusini hadi Machi tena. Dirisha la kusini linaloungua Desemba halipati hata mwale mmoja Juni. Nilipoteza mimea miwili kabla ya kulielewa hilo, kwa sababu niliihukumu sebule kwa jinsi nilivyoiona mwezi mmoja. Dirisha la kuaminika mwaka mzima ni la mashariki au la magharibi. Saa za katikati ya mchana jua linakuwa juu sana, paa na baraza vinalizuia, na sebule ya Kampala inaweza kuwa giza saa saba mchana huku nje watu wanatafuta kivuli.

Kipimo ni rahisi. Siku isiyo na mawingu, weka karatasi nyeupe pale unapotaka mmea ukae, nyanyua mkono juu yake kama futi moja. Ukiona vidole vimechorwa vizuri kabisa, hapo kaktasi itaishi. Ukiona kivuli chenye ukungu, mimea mingi ya majani mapana itaridhika. Usipoona kivuli, soma namba moja na namba mbili, mengine yaache.

Jambo la pili wanalosema ni kupunguza maji wakati wa baridi kali. Sisi hatuna baridi hiyo. Tuna misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba au Desemba, na kwa mimea minene inayohifadhi maji, ambayo siku hizi tunaiita sakulenti, huo ndio wakati wa hatari. Hewa ina unyevu, jua limejificha, udongo haukauki, halafu mtu anakuja na jagi.

Namba moja: ZZ

Jina lake refu ni Zamioculcas zamiifolia. Sema "zizi" na muuzaji atakuonyesha. Majani yake yanang'aa hivi kwamba mgeni wangu mmoja aliukwaruza kwa ukucha ili kuhakikisha si plastiki.

Ukiutoa kwenye poti utakuta chini kuna vitu vimevimba kama viazi. Hizo ndizo ghala zake za maji. Hata sehemu ya juu imejaa: majani ni maji kwa takriban asilimia 91 na vikonyo asilimia 95. Ndiyo maana nilipokwenda Tororo kwenye msiba na kukaa wiki tano, niliporudi nilikuta mengine yote yameinamisha vichwa, ZZ imesimama pale pale kama askari wa benki.

Kinachonichekesha ni safari yake. Huu ni mmea wa kwetu, asili yake kuanzia Kenya kushuka Tanzania na Msumbiji hadi KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Uliota vichakani bila mtu kuusumbua mpaka wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi katikati ya miaka ya 1990. Leo tunauziwa kwa bei ya mgeni aliyeshuka ndege jana.

Bei hiyo ina sababu nyingine, nayo ni uvivu wake. Ukichomeka jani moja kwenye mchanga litaota, ila litakaa miezi mingi likijitengenezea kiazi huko chini kabla hujaona chipukizi. Kwa hiyo usinunue kadogo kwa matumaini kwamba katakua upesi. Tafuta poti yenye vikonyo vinne au vitano vilivyosimama imara. Mimi nililipa shilingi 45,000 kwa yenye sita, na baada ya miaka mitatu imeongeza vinne tu.

Kuna aina nyeusi, inayopendwa sana maofisini. Chipukizi zake hutoka kijani cha limau kisha hubadilika polepole hadi nyeusi, kwa hiyo ukiona kijani usikimbilie kudhani umeuziwa nyingine.

Maji mara moja kwa wiki tatu yanatosha. Msimu wa mvua, mara moja kwa mwezi.

Namba mbili: mmea wa nyoka

Huu ndio ule wenye majani marefu yaliyosimama kama panga, yenye mistari ya kijivu na kijani, mara nyingi na ukingo wa manjano. Asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, kuanzia Nigeria hadi Kongo. Kwa miaka mingi uliitwa Sansevieria. Mwaka 2017 wataalamu waliuhamishia kwenye Dracaena baada ya uchunguzi wa vinasaba kuonyesha kwamba ni ukoo mmoja. Maana yake mmea wa nyoka sasa ni ndugu wa mulamula, ule ambao Buganda hupandwa kuonyesha mpaka wa kibanja, na ndugu wa masale wa Wachagga, ambao jani lake hubebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha. Ukiuona mulamula mdogo umetiwa kwenye poti ya kauri na kuandikiwa bei ya kutisha, kumbuka kwamba kijijini hukatwa kijiti kikapandwa bure.

Tabia yake kubwa ni jinsi unavyopumua. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta kaboni dioksidi, na kupitia vitundu hivyo hivyo maji hutoroka. Mmea wa nyoka hufungua usiku, hewa ikiwa imepoa. Huvuta kaboni dioksidi gizani, huiweka akiba kama asidi ndani ya jani, kisha mchana hufunga milango na kuitumia ile akiba pamoja na mwanga. Kaktasi, shubiri na jamaa zao wengi hufanya vivyo hivyo. Hapa muuzaji atakwambia, "Nyabo, huu weka chumbani, unatoa oksijeni usiku." Amesikia nusu. Usiku unavuta kaboni dioksidi. Oksijeni yenyewe hutoka mchana, mwanga ukiwepo.

Angalia pia ule ukingo wa manjano. Ukikata jani vipande na kuvichomeka, vitaota, lakini watoto watatoka kijani kitupu. Ukitaka manjano yabaki, lazima ugawe shina la chini lenye mizizi. Nililijua hili baada ya kumzawadia dada yangu "mtoto" wa mmea wangu akanipigia simu kuuliza kama nimembadilishia.

Hilo shina la chini lina nguvu za ajabu. Likikosa nafasi hupasua poti ya plastiki. Poti iliyovimba pembeni pale kwa muuzaji ni dalili nzuri, una mmea wenye afya na pengine watoto watatu kwa bei ya mmoja. Zile za mviringo zilizosukwa kama nywele ni nzuri, ila ujue unalipia saluni.

Kinachouua ni maji yanayokaa katikati ya majani na udongo uliolowa. Kivuli utavumilia, ingawa hautakua.

Namba tatu: wa pesa na wa buibui, lakini usinunue

Mmea wa pesa ndio ule mtambaazi wenye majani ya umbo la moyo, madoa ya manjano au meupe, unaozungushwa juu ya fremu za picha katika nusu ya saluni za mji huu. Umetoka kisiwa cha Mo'orea, katika Polinesia ya Ufaransa, na una siri: hauchanui. Kuna kasoro katika vinasaba vyake inayouzuia kutengeneza jibereli ya kutosha, homoni ya kuamsha maua. Mara ya mwisho kuripotiwa kuchanua wenyewe ilikuwa mwaka 1964. Basi kila mmea wa pesa unaouona ni kipande cha kipande cha kipande, kutoka mkono hadi mkono.

Kwa nini basi utoe pesa? Omba jirani. Kata chini kidogo ya kifundo, pale palipo na kijipu cha kahawia kinachotaka kuwa mzizi, kitie kwenye glasi ya maji dirishani. Jani bila kifundo litakaa kijani kwa wiki nyingi likikudanganya. Ukiwekwa gizani utaishi lakini madoa yatafifia. Ukipandishwa kwenye gogo majani huongezeka ukubwa kadiri unavyopanda. Nenda Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, uone mimea ya kutambaa inavyokuwa ikipewa mti mzima badala ya kopo la rangi.

Wa buibui ni Mwafrika mwingine, Chlorophytum comosum. Hutoa watoto wananing'inia kwenye nyuzi, kila mmoja na vimizizi vyake tayari. Nao uombe.

Namba nne: shubiri

Tunasema chungu kama shubiri, na ukiwahi kulamba utajua methali haikutia chumvi. Waganda wanaiita kigagi, na wafugaji wa kuku wengi huiloweka kwenye maji ya kunyweshea kuku. Inayouzwa kama Aloe vera asili yake ni Bara Arabu, ila shubiri ziko mamia na Uganda ina zake. Mimi ni mzaliwa wa Tororo. Kwenye ule mwamba wetu huota shubiri inayoitwa Aloe tororoana, isiyopatikana porini mahali pengine duniani. Shangazi yangu alipoona poti yangu dirishani aliuliza, "Mwanangu, huu si ule wa kwenye jiwe? Umeununua kwa pesa?" Nikamwambia huu ni mwingine, shangazi. Hakuamini.

Swali la shangazi ni la mnunuzi pia. Barabarani huuzwa shubiri za kila namna kwa jina moja. Aloe vera ya kawaida haina shina refu, majani yake ni manene ya kijivu-kijani, madoa meupe huwa kwa mtoto na hupungua akikua, na ua lake huwa la manjano. Ukitaka ya kupaka ngozi, hiyo ndiyo utafute. Ukitaka pambo, zenye madoa na zile ndogo ni nzuri zaidi.

Ukikata jani utaona tabaka mbili: utomvu wa manjano chini ya ganda, na ute mweupe katikati. Ute ndio wa kupaka. Utomvu wa manjano huendesha tumbo vibaya. Marekani iliondoa dawa za kuharisha zenye shubiri kwenye orodha ya dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari mwaka 2002. Simamisha jani lililokatwa ili utomvu udondoke kwanza.

Kwa watu wa Malaba na Busia: shubiri zote isipokuwa Aloe vera ziko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kung'oa za mwituni na kuvuka nazo mpaka kunahitaji vibali, hata kama ni zawadi ya mama.

Kwa nini ya nne na si ya kwanza? Inataka mwanga. Sebuleni hulegea, majani huanguka pembeni kama mtu aliyelewa. Dirisha la mashariki, sawa.

Namba tano: jade

Crassula ovata, kutoka Afrika Kusini na Msumbiji. Ni kama mti mdogo wenye majani ya mviringo yanayoteleza. Kwa miongo huweza kukaa na familia moja, shina likinenepa kama la mbuyu mdogo. Jani likianguka chini huota. Ule upumuaji wa usiku niliousema hapo juu umepewa jina la familia ya mmea huu, Crassulaceae. Ukipata jua la kutosha ukingo wa majani huwa mwekundu, na hiyo ndiyo njia yako ya kujua dirisha lako linafanya kazi. Sina mengi ya kuusema. Ni mmea mwema usio na visa.

Namba sita: kaktasi, na wanaojifanya kaktasi

Hapa inabidi nikae kidogo, maana hapa ndipo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kaktasi ni wenyeji wa Amerika. Katika ukoo wao wote, unaozidi aina elfu moja, ni mmoja tu anayejulikana kuwa mwenyeji wa Afrika pia, Rhipsalis baccifera, naye hana sura ya kaktasi. Hukaa juu ya matawi ya miti msituni, ananing'inia kama nywele. Sasa ile miti mikubwa yenye miiba unayoiona kwenye mbuga ya Queen Elizabeth, yenye matawi yaliyoinuka kama kinara cha mishumaa, je? Hiyo ni yuforbia. Waganda huiita nkukuulu. Imefanana na kaktasi kwa sababu zote mbili zilipewa mtihani mmoja, ukame, zikaandika jibu moja katika mabara mawili tofauti.

Kwa mnunuzi tofauti ni muhimu. Angalia mwiba unatokea wapi. Kwenye kaktasi miiba hutoka katika kifundo kidogo chenye manyoya, kama kipande cha pamba kilichobandikwa. Kwenye yuforbia mwiba hutoka moja kwa moja mwilini, mara nyingi miwili miwili. Na ukiichoma yuforbia hutoa maziwa meupe. Maziwa hayo yakiingia jichoni ni safari ya hospitali. Hata mnyaa, ule wa uzio tunaoujua tangu utoto, watoto huonywa wasivunje matawi yake. Mara nyingi "kaktasi" ndefu yenye pembe tatu na vijani vidogo pembeni ni yuforbia. Si mbaya, mimi ninayo, lakini inakaa juu ya kabati mahali ambapo mpwa wangu hafiki.

Kaktasi halisi zinazovumilia Kampala ni zile za baraza lenye jua na paa. Ile ya mviringo yenye miiba ya dhahabu, Echinocactus grusonii ya Meksiko, hupendeza sana. Ina mikunjo kama akodioni: ikinywa hutanuka, ikikaukiwa hujikunja bila kupasuka. Ukiiona imenywea kidogo msimu wa kiangazi, usiogope. Ukiiona laini chini, ogopa.

Mpungate, ule wenye makopa yaliyopachikana, usiupande nje ukauacha. Huko Laikipia, Kenya, jamaa yake mmoja ameteka malisho kiasi kwamba imebidi waletwe wadudu wa kumla.

Namba saba: maua ya mawe na shanga

Najua, hizi ndizo picha zilizokuleta. Echeveria, ule unaofanana na waridi lililochongwa kwa jiwe, na ule wa shanga za kijani zinazomwagika kutoka kwenye poti.

Echeveria ni ya Meksiko, na imepewa jina la Atanasio Echeverría, mchoraji wa mimea wa karne ya 18. Ina unga mweupe juu ya majani, aina ya nta inayoikinga na jua. Ukiigusa alama ya kidole hubaki, na haifutiki mpaka jani lile life. Nilinunua tatu siku moja. Wiki ya sita zilikuwa zimerefuka kama watoto wanaochungulia juu ya ukuta, waridi limefumuka, kila jani mbali na mwenzake. Hiyo ndiyo ishara ya njaa ya mwanga, na urefu huo haurudi nyuma. Rangi zake za zambarau na waridi hutokea kwa jua kali na usiku wa baridi. Ukiwa Kabale, kwenye baridi ya milimani, nunua. Ukiwa na sebule ya kupanga hapa mjini, zitazame tu.

Wa shanga umetoka Afrika Kusini. Kila shanga ni jani lililojiviringisha ili kupunguza eneo la kupoteza maji, na upande mmoja ina mstari unaopitisha mwanga, kama kidirisha, ili nuru ifike ndani ya jani. Akili nyingi, lakini mizizi ni midogo na huoza kwa siku mbili za udongo mbichi. Ukitaka kitu chenye kidirisha kinachovumilia ndani, omba haworthia, kadogo, kenye umbo la nyota.

Kuna na mama wa maelfu, Kalanchoe daigremontiana wa Madagaska, mwenye vitoto vimejipanga kwenye ukingo wa kila jani kama meno ya msumeno. Muuzaji anaweza kukupa bure, na ujiulize kwa nini. Ndani ya mwaka utaukuta kwenye kila poti uliyonayo. Una sumu ya moyo kwa ng'ombe na mbuzi, hivyo usiutupe mahali wanapolisha.

Ya mwisho: kichwa chekundu

Kijiti cha kijani, juu yake mpira mwekundu, wa manjano au wa waridi. Unauzwa na utepe, hasa karibu na sikukuu ya wapendanao. Ni kaktasi mbili. Ya juu ni Gymnocalycium isiyo na klorofili kabisa, kwa hiyo haiwezi kujilisha. Wajapani walianza kuipandikiza kwenye miaka ya 1940. Ya chini ni kaktasi ya kutambaa, jamaa wa tunda la joka linalolimwa hapa kwetu sasa. Wa chini anafanya kazi, wa juu anakula. Kasi zao za kukua hazilingani, na kwa kawaida ndoa huvunjika baada ya miaka michache. Zawadi ya siku moja, haya. Mmea wa nyumbani, hapana.

Ukiona kaktasi ndogo ina ua kavu la kupendeza juu, livute taratibu. Niliwahi kukuta limebandikwa kwa gundi ya moto, na kokoto za juu nazo zimegandishwa hivi kwamba maji hayapiti.

Kuhusu "kusafisha hewa"

Utaambiwa. Chanzo chake ni utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanywa kwenye masanduku yaliyofungwa kabisa. Nyumba si sanduku. Mapitio ya tafiti hizo yaliyotoka mwaka 2019 yalikadiria kwamba ili mimea ishindane na hewa inayopita kwenye jengo lenyewe, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Fungua dirisha.

Wenye watoto wanaotambaa, paka au mbwa

ZZ, mmea wa pesa, monstera na ule mkubwa wa madoadoa, difenbakia, wote ni ukoo mmoja na wana fuwele za kalisi oksaleti zilizo kama sindano. Ukitafuna, mdomo na ulimi huwaka na kuvimba. Difenbakia ndiyo kali kuliko wote, na siielewi kwa nini inawekwa kwenye vyumba vya kusubiria vya kliniki za watoto. Wa buibui, haworthia na ile kaktasi ya Krismasi ya misitu ya Brazili havina shida hiyo.

Kabla hujalipa

Geuza jani. Chungulia pale jani linaposhikana na shina. Vitu vyeupe kama pamba ni wadudu, vidung'ata. Vimagamba vya kahawia visivyosogea ni wadudu pia, vidugamba. Ukiviona kwenye mmea mmoja, usinunue hata wa pembeni yake. Bonyeza shina pale linapoingia udongoni, liwe gumu. Inua poti: sakulenti yenye poti nzito imenyweshwa asubuhi hiyo ili ionekane nzuri, na pengine hunyweshwa kila asubuhi.

Udongo wanaotumia wengi ni mweusi na mzito, unaofaa kwa nyanya. Nyumbani nabadilisha: sehemu moja ya udongo huo, moja ya mchanga mkubwa wa ziwani uliooshwa, moja ya changarawe ndogo au makaa yaliyopondwa. Chungu cha udongo wa kuchoma kinapumua kuliko plastiki, na bei yake kwa wafinyanzi huwa ndogo kuliko ya kauri za dukani. Kiwe na tundu chini. Muuzaji akisema kokoto chini zinatosha badala ya tundu, mpe yeye kokoto zake.

Nenda siku ya kiangazi, katikati ya wiki, saa nne hivi. Jumamosi kuna foleni na hakuna wa kukusikiliza. Uliza mmea umekaa pale muda gani na ulikuwa kwenye jua au chini ya neti, maana ukiutoa kwenye neti na kuuweka kwenye jua la baraza siku hiyo hiyo utaungua madoa meupe. Nami nikibeba kaktasi kwenye boda naizungushia gazeti mara nne, naiweka mapajani upande wa nje, mbali na mgongo wa dereva. Wa mwisho kuchomwa aliniambia, "Nyabo, siku nyingine chukua teksi na mgonjwa wako."